Kiti cha Karibu na Ukuta

Mama mkubwa wangu alishona kola za mashati ya shule kwa miaka kumi na tisa. Si mashati, kola tu. Katika kile kiwanda kidogo cha sare kila mtu alikuwa na kipande chake: huyu mikono, yule mifuko, mwingine matundu ya vifungo, na yeye kola. Tukikutana na watoto wanaotoka shule hakuwa akiangalia nyuso zao, aliangalia shingo. "Ile yangu," ananinong'oneza. "Na ile pia yangu, ila mama yake hajui kupiga pasi." Watu walimwita Fundi Kola, na waliotaka kumchokoza walimwita Mama Shingo. Hakujali.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Mama yangu alipata kazi mbali nikiwa na miaka kumi na minne, nikaletwa kwake, nikakaa naye mpaka nilipoolewa. Kwa hiyo mengine ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine alinisimulia kidogo kidogo, siku moja sentensi mbili, siku nyingine tatu, kama mtu anayetoa miiba mguuni.

Nilipofika kwake imani yake haikuwa na makuu. Asubuhi alisali amesimama, mswaki mkononi, kwa sababu alisema Mungu anajua saa ya kuingia kazini. Jumapili alikaa benchi la katikati, na mahubiri yakipita nusu saa alisinzia, halafu akashtuka na kusema "Amina" mahali ambapo mchungaji alikuwa anasimulia dhambi za watu. Jioni alikunywa chai yenye sukari nyingi kwenye ngazi ya mlango, miguu ameinyoosha, redio ikijisemea ndani.

"Unawaza nini, mama mkubwa?"

"Siwazi. Nimekaa tu."

Kazini alikuwa na rafiki mmoja wa karibu, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyeitwa Kicheko. Jina hilo halikuhitaji maelezo. Alikuwa na kicheko kinachoanza chini, kama mtu anayekohoa, kisha kinapanda na kukatika ghafla juu, na ukikisikia ulicheka hata kama hujui kilichochekesha. Kicheko alikaa karibu na mlango, mama mkubwa alikaa karibu na ukuta wa nyuma. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa sauti ya cherehani. Ya Kicheko ilikwenda mikanyago mitatu kisha ikatulia, mitatu kisha ikatulia, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokanyaga.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na siku hiyo jua lilikuwa limetoka. Cherehani ya mama mkubwa ilikuwa inakata uzi kila baada ya kidogo. Ilikuwa ya zamani, na mwenye kuielewa alikuwa Kicheko.

"Hebu njoo umsemeshe huyu," mama mkubwa akamwita. "Mimi amenikatalia."

Kicheko akaja. "Toka hapo. Unamkanyaga kama mna kesi mahakamani."

Mama mkubwa akainuka, Kicheko akakaa, akaiendeleza kola iliyokuwa imefika nusu. Mama mkubwa akaenda mlangoni kutafuta bobini nyingine ya uzi katika droo ya mwenzake. Mkono ulikuwa bado ndani ya droo alipoisikia sauti nyuma yake. Alidhani mtu ameangusha robota la kitambaa. Alipogeuka, ukuta haukuwepo.

"Kulikuwa na mwanga mwingi," aliniambia miaka baadaye. "Niliona uwanja wa watu, na kamba, na nguo zimeanikwa. Shuka la bluu. Miaka yote ile nimekaa pale na sikuwahi kujua kwamba nyuma yangu kuna mtu anaanika nguo."

Wengine walitoka na michubuko. Kicheko hakutoka.

Jumapili ya pili baada ya mazishi, kanisani walimwita mbele atoe ushuhuda. Hakutaka. Wakinamama wawili walimshika mikono, huku na huku, wakamwinua kwa upendo kama anavyoinuliwa mgonjwa. Akasimama pale, akasema, "Nilikwenda kuchukua bobini." Akanyamaza. Mchungaji, kijana mwema mwenye haraka, akamshika bega na kumalizia: "Wapendwa, mnaona? Mungu amemwacha huyu dada kwa kusudi. Kuna kazi kubwa anataka kuifanya kupitia kwake!" Kanisa zima likapiga makofi.

Mimi nilikuwa benchi la nne, nami nilipiga. Kisha nikaona kwamba mbele yangu, benchi la tatu, alikuwa ameketi mama yake Kicheko. Nyuma ya shingo yake haikutikisika. Nilipotazama mbele tena, mama mkubwa alikuwa anamtazama mtu huyo huyo.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika.

Kwanza zilikuwa kuta. Akiingia chumbani alipitisha kiganja ukutani, polepole, kabla ya kukaa. Kiti kimoja cha sebuleni kilichoegemea ukuta hakikukaliwa tena, na hakuna aliyeniambia nisikikalie, nilijua tu. Siku moja nilitoka shule nikamkuta amesimama kwenye korido, shavu limegusa ukuta, macho wazi.

"Mama mkubwa?"

"Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Nilisikia bomba la jirani, na mtu anasukuma meza. Yeye alisikiliza kwa muda mrefu zaidi ya sauti hizo.

Kiwanda kilihamia jengo jingine, naye akaomba nafasi ya karibu na mlango, wakampa. Lakini cherehani ikalia nyuma yake. Mikanyago mitatu, kimya. Mitatu, kimya. Mchana, jua linawaka, watu kumi wapo kazini. Alimuuliza mwanamke wa vifungo, "Nani anashona kule nyuma?" Yule akageuka, akasema, "Kule kuna magunia ya vipande, dada. Hakuna cherehani." Mama mkubwa akaendelea na kazi, ila tangu siku hiyo alishona upesi mno, akijaribu kuizidi ile sauti kwa sauti yake.

Na kulikuwa na ile kola. Nusu aliishona yeye, nusu aliishona Kicheko. Bila shaka ilikwenda na kifusi, kila mtu alijua. Lakini watoto wa shule walipopita, macho yake yalizitafuta shingo zao kwa namna nyingine sasa, na hakusema tena "ile yangu". Siku moja alimsimamisha msichana mdogo barabarani, akainama, akageuza kola ya mtoto wa watu na kuchungulia mshono wake. Mtoto akalia. Nilimwomba mama yake radhi.

Lakini kilichomwandama zaidi ya sauti na kuta ni lile neno la mchungaji. Kusudi. Kazi kubwa. Aliamka nalo na kulala nalo. Kama ameachwa kwa kazi kubwa, basi kazi hiyo ilikuwa wapi? Akaanza kuitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo na gari linangoja nje. Kila kamati ya kanisa ilipotaka mtu, mkono wake ulikuwa juu. Alifunga kula mpaka magauni yakaanza kumning'inia. Aliingia kwaya, yeye ambaye sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Mwalimu wa kwaya, mtu mstaarabu, alimvuta pembeni: "Dada, wewe imba moyoni. Mungu husikia huko pia."

Jumamosi alikwenda hospitali kuombea wagonjwa, akanichukua nimbebee mkoba. Alisimama kwenye vitanda, akaweka mikono, akaomba, akafumbua macho na kuwatazama, akingoja. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga akamwambia, "Mama, asante kwa maombi, lakini unanitazama kana kwamba nina kitu chako." Mama mkubwa akachukua mkoba wake mikononi mwangu, tukaondoka.

Vile vitu vidogo vyake vyote akaviacha. Redio ikazimwa. Ngazi ya mlangoni ikabaki tupu jioni. Akaacha sukari. Nilipomuuliza kwa nini tunakunywa chai kama dawa, alisema, "Nitakaaje kitako nikifurahia chai, wakati mwenzangu yuko chini kwa sababu yangu?" Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema "kwa sababu yangu". Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikaosha vikombe.

Mama mkubwa alimkwepa kabisa mama yake Kicheko. Yule mama alisali ibada ya pili, basi sisi tukahamia ya kwanza. Akimwona sokoni, alivuka barabara, hata kama ng'ambo hakukuwa na anachokitaka. Miaka miwili ilipita hivyo.

Ikawa Jumamosi moja, saa tisa alasiri, nikasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa mama yake Kicheko, amebeba mfuko wa kitambaa, amevaa viatu vya kanisani.

"Mama yako mkubwa yupo?"

"Yupo, bibi. Karibu."

Nyuma yangu nilisikia kikombe kinawekwa mezani taratibu sana.

"Shikamoo, mama," alisema mama mkubwa, bila kuinua macho.

"Marahaba. Nimekuja unishonee gauni."

"Mimi nashona kola tu, mama."

"Basi nishonee gauni lenye kola."

Akaingia, akatazama viti, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kile kiti kilichoegemea ukuta. Mama mkubwa akaruka. "Mama, usikae hapo!"

"Kwani kimevunjika?"

"Hapana. Ukuta."

Bibi akageuka, akautazama ukuta kuanzia chini hadi juu, bila haraka, kisha akamtazama mwenye nyumba. "Ukuta huu ni mzima, mwanangu," akasema. Na akaendelea kukaa.

Ikabidi apimwe. Mama mkubwa akachukua futi yake. Akapima kiuno, urefu, kifua. Mimi niliandika. Alipofika mabegani alisimama. Bega la kushoto la bibi lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia. Kicheko naye alikuwa hivyo. Ndiyo maana magauni yake yote mama mkubwa alimwekea pedi ndogo upande mmoja. Sasa alisimama nyuma ya bibi, vidole viwili juu ya bega lile, na futi ikamponyoka ikaanguka.

"Mama," akauambia mgongo wa bibi, "pale kwenye kiti, nilimweka mimi. Nilimwita. Kilikuwa kiti changu."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya msiba. Yule wa vifungo aliniambia."

"Na ulikaa pale kanisani, nikiitwa mbele, watu wanapiga makofi..."

"Mimi sikupiga," alisema bibi. "Sikujua niweke wapi mikono yangu."

Kisha akageuka na kukaa tena, na akasema mambo ambayo sikuwahi kumsikia mtu mzima akiyasema. Alisema kwamba mwaka mzima alimwomba Mungu kwa hasira. Alimtaja mama mkubwa kwa jina katika sala, kila asubuhi, akiuliza kwa nini isiwe yule. "Nilimwambia, urudishe ule ukuta, na uwaangalie vizuri wote wawili, na uchague upya. Nilimwambia hivyo nikiwa nimepiga magoti. Usidhani nimekuja hapa kama malaika."

Mama mkubwa alikuwa analia bila sauti. Bibi hakumkumbatia. Akaomba chai. Nikaleta. Akainywa kidogo, akakunja sura.

"Haina sukari?"

"Hatutumii, bibi," nikasema.

"Kwani nani kafa?"

Ilimtoka tu, kama inavyomtoka mtu yeyote. Kisha akasikia alichokisema. Akatutazama. Na akacheka. Kilianza chini, kama kikohozi, kikapanda, kikakatika ghafla juu.

Nywele zilinisimama. Mama mkubwa alishika ukingo wa meza. Kilikuwa kile kile, kizima, kimetoka katika kinywa cha mwanamke mwenye mvi, mchana kweupe, sebuleni kwetu. Miaka yote ile hatukuwahi kufikiri kwamba mtu hurithi kicheko kutoka mahali.

"Ndiyo," alisema bibi alipoona nyuso zetu. "Alikichukua kwangu. Nilikuwa sijacheka tangu siku ile. Kumbe bado kipo."

Nikatumwa sukari. Niliporudi walikuwa wamekaa magoti kwa magoti, bibi amemshika mama mkubwa viganja vyote viwili, na mlango ulikuwa wazi, nikasikia.

"Mimi nakuona unavyozunguka," bibi alikuwa anasema. "Kwaya, hospitali, kamati. Unakonda. Unatafuta nini?"

"Ile kazi kubwa. Aliyoniachia Mungu."

"Nani kakwambia?"

"Mchungaji."

"Mchungaji alikuwa na miaka ishirini na tisa." Akavibana viganja alivyovishika. "Sikiliza, mwanangu. Mtoto wangu hakuwa bei. Mungu si mchuuzi, amchukue mmoja ili apate kazi kwa mwingine. Kama angekuwa hivyo, mimi ningeshaacha kusali. Sijui kwa nini ukuta ulianguka. Nimemuuliza mpaka nimechoka, na hajanijibu, na bado yupo nami pale jikoni kila asubuhi. Hiyo ndiyo yote niliyo nayo."

"Lakini mimi naishi tu, mama. Nashona kola."

"Na yeye alifanya nini? Miaka thelathini na minne. Alishona, alicheka, alipenda chai ya moto, Jumapili alichelewa kanisani. Hakuna kazi kubwa aliyoifanya. Unataka kuniambia haikutosha? Maana wewe ukisema maisha kama hayo hayatoshi, unayasema na ya mwanangu."

Nilisimama mlangoni na sukari yangu mpaka bibi aliponiona na kusema, "Sasa wewe unangoja chai ipoe?"

Gauni lilichukua wiki tatu, kwa sababu mama mkubwa alikuwa hajashona kitu kizima tangu alipokuwa msichana. Mikono aliifumua mara mbili. Aliweka pedi ndogo bega la kushoto. Siku bibi alipolivaa tulirudi ibada ya pili, tukakaa benchi moja, watatu. Mahubiri yalipopita nusu saa nilimwona mama mkubwa kichwa kinashuka. Bibi akaniwekea kidole mdomoni nisimwamshe.

Baada ya ibada mama mkubwa alimwendea mchungaji, akamwambia anaacha kwaya. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa karibu, alisema "Tutakukosa" kwa haraka iliyotushangaza wote. Kisha mama mkubwa akamweleza mchungaji jinsi lile neno la kusudi lilivyomkalia kifuani miaka miwili. Mchungaji alishika kola yake mwenyewe, akaigeuza geuza. "Dada yangu," akasema, "nilisema upesi. Niliogopa ule ukimya wako pale mbele. Nisamehe." Mama mkubwa alisema baadaye kwamba hayo ndiyo mahubiri yake mazuri kuliko yote.

Hospitali hakuacha. Ila hakusimama tena juu ya watu. Alichukua sindano na uzi, akakaa kando ya vitanda akiwashonea wagonjwa vifungo vilivyolegea, na akaomba akiwa anashona. Wengine walipona, wengine hawakupona, naye aliwatembelea vile vile.

Nisidanganye kwamba kila kitu kiliisha. Kiganja chake kilipita ukutani mpaka mwaka nilioolewa. Na cherehani ya nyuma iliendelea kulia, siku nyingine asubuhi nzima. Nilimuuliza kama bado anaogopa. "Zamani nilikuwa nageuka," akasema. "Sasa namwacha ashone. Nashona na mimi. Nikichoka namwambia Bwana, leo nimefanya kola sitini na mbili, asante, na mpe salamu zangu." Alisema hivyo kama mtu anayetuma ujumbe kwa mtu wa mtaa wa pili. Lakini nilimwona mkono ukitafuta ukingo wa meza.

Wiki ya mwisho kabla sijaondoka kwake tulikuwa uani tunakunja mashuka, yeye upande huu, mimi upande ule. Mimi nilikuwa na hofu za bi harusi. Nilitaka aniambie jambo zito, la kuondoka nalo. Nikamuuliza, "Mama mkubwa, mtu anajuaje kwamba anaishi vile Mungu anavyotaka?"

Bibi alikuwa jikoni kwetu siku hiyo, kama siku nyingi, akigombana na jiko letu kwa sauti.

"Sijui wengine," akasema mama mkubwa. "Mimi asubuhi nikifumbua macho, nasema, nipo. Halafu nangoja kidogo, nisikie kama Yeye naye yupo. Halafu naenda kazini."

"Basi?"

"Basi. Mbona unalegeza? Vuta huko kwako, tunyooshe hili kabla halijakauka na mikunjo."

Nikavuta.